Anayesafiri aseme ameacha nini kwenye meza ya kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la Jumamosi iliyopita, alieleza masikitiko yake kuhusu watu wa makundi ya hobi, yaani sisi tunaokutana kila mwisho wa wiki kwa sababu tunapenda kuranda mbao, kuunda redio, kutazama nyota au kukarabati vitu vya nyumbani, kisha, kwa maelezo yake, tunamaliza asubuhi nzima tukiulizana nani anakwenda wapi likizo na nani amefikia wapi na kabati lake. Hoja yake ni kwamba mwenye kazi ya mikono aifanye, mwenye safari asafiri, na kwamba maneno yanayosemwa katikati hayajengi kitu. Nimeisoma barua hiyo mara mbili na kwa heshima, kwa kuwa imeandikwa na mtu anayeonekana kuipenda kazi, lakini sikubaliani naye. Ninaamini kwamba mazungumzo hayo ndiyo mahali ambapo mipango miwili ya mtu mmoja, wa safari na wa kazi aliyoianza nyumbani, hukutanishwa mbele ya watu wanaoijua kazi yenyewe. Na kazi nyingi za nyumbani huharibika pale pale zinapokutana na safari.

Kwanza nieleze mazungumzo yetu yalivyo, maana msomaji mwenzangu ameyasimulia kama mtu aliyeyasikia akipita nje. Tunakutana asubuhi, kila mmoja akiwa na kitu mkononi: huyu amekuja na kiungo cha droo alichokichonga mara tatu kikakataa kuingia, yule na picha za banda la zana analolijenga, mwingine na karatasi tu yenye vipimo. Hatuna mwenyekiti wala ajenda. Hata hivyo, baada ya salamu na kujuliana hali, hakuna anayekaa bila kuulizwa maswali mawili, nayo huulizwa kwa mfuatano uleule: "Umefika wapi?" na "Unasafiri lini?" Mgeni huyachukulia kuwa maswali ya adabu, na ni kweli yana adabu ndani yake, lakini kwetu yanafanya kazi ya pimamaji iliyowekwa juu ya rafu mpya: yanaonyesha pale mpango ulipoinama kabla vitu havijaanza kuteleza.

Uzito wa swali la pili niliujua kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza meza, kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nimewahi kujaribu. Niliunganisha mbao tano kwa gundi, nikaziranda hadi mkono haukuhisi tena ubao mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, nikapiga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, na mwisho 240, nikapaka vanishi. Likizo yangu ya wiki mbili ilikuwa inaanza Jumapili, nami nilitaka kuiacha meza ikiwa imekamilika, kwa hiyo Jumamosi ile sikwenda kwa wenzangu. Nilibaki nyumbani nikiufunga uso wa meza kwenye fremu yake kwa skrubu kumi na mbili, nikazikaza kwa bisibisi hadi kiganja kikauma, nikafunga madirisha, nikaondoka. Niliporudi, kabla hata sijalitua begi, niliuona ufa. Ulikuwa umefuata nyuzi za mti kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Kule mwisho wake ulikuwa mwembamba kama uzi, na huku ukingoni sarafu ingeweza kusimama ndani yake.

Mmoja wetu, mzee ambaye aliishi kwa useremala hadi alipostaafu, alikuja kuitazama. Kwa muda hakusema lolote. Alipitisha ukucha wa kidole gumba ndani ya ufa, akainama chini ya meza, akazihesabu skrubu moja moja kwa kuzigusa, kisha akauliza: "Mwanangu, ulipoifunga hivi, mbao uliiachia nafasi ya kutembea?"

"Sikuiachia, mzee."

"Basi mbao haina kosa."

Alinieleza jambo ambalo kila seremala analijua na ambalo mimi nilikuwa nimelisoma bila kulitilia maanani. Mbao huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa hata baada ya mti kukatwa, kukaushwa na kupakwa rangi. Inapotoa unyevu husinyaa, inapounywa hutanuka, na haifanyi hivyo kwa usawa: kwa urefu haibadiliki sana, kwani hata ubao mbichi ukikauka kabisa urefu wake hupungua kwa takribani asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, ilhali upana wake hupungua kwa asilimia kadhaa, tena zaidi katika ubao uliopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti kuliko ule uliopasuliwa kuelekea kwenye kiini. Katika uso wa meza wenye upana wa kutosha watu kuketi pande mbili, mabadiliko hayo ni milimita kadhaa kati ya majira ya unyevu na majira ya ukavu. Meza yangu ilifungiwa ndani ya nyumba yenye joto, bila hewa, kwa wiki mbili. Mbao ilitaka kusinyaa, skrubu kumi na mbili zikaikatalia, na kwa kuwa haikuweza kuzing'oa skrubu, ikajipasua yenyewe. Dawa yake ni ndogo mno: matundu ya skrubu kwenye fremu yatobolewe kwa keekee na kutanuliwa yawe marefu kidogo kwa kufuata upana wa meza, au uso ushikwe kwa vishikizo vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji uliochongwa upande wa ndani wa fremu, ili uweze kusogea bila kuinuka.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba hilo ningelipata kitabuni. Kitabu nilikuwa nacho, na ukurasa wenyewe nilikuwa nimeusoma. Lakini kitabu hakikujua kwamba kesho yake nasafiri. Laiti ningekwenda Jumamosi ile na kusema kwa kujivuna kidogo kwamba jioni namalizia kufunga skrubu na Jumapili naondoka, nina hakika kwamba mzee wetu angeuliza swali lake wiki mbili mapema, na lingenigharimu nusu saa ya kutanua matundu badala ya miezi miwili ya kuibomoa meza na kuiunganisha upya.

Iko hatari kubwa kuliko ufa, nayo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka jana mwenzetu mmoja alitueleza kwamba amemaliza kutengeneza viti vinne na kwamba usiku wa kuamkia safari atavipaka mafuta ya kitani, ili familia itakaporudi baada ya siku kumi ivikute vimekauka vizuri. Mpango ulikuwa mzuri, sote tuliusifu. Ndipo dada mmoja katika kundi letu, ambaye yeye hufanya zaidi kazi za kurudishia mng'ao samani za zamani, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na matambara utayaweka wapi?" Yule bwana alijibu kwamba atayakunja na kuyatupa kwenye ndoo ya takataka jikoni, atakuja kuitoa akirudi. Dada yule aliinuka kwenye kiti.

Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavyokauka. Hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na muungano huo hutoa joto. Kwenye kiti kilichopakwa utando mwembamba wa mafuta joto hilo hupotea hewani bila mtu kulihisi, lakini kwenye tambara lililokunjwa na kurundikwa pamoja na mengine halina pa kutokea. Linaongezeka, linaharakisha muungano, linaongezeka tena, na baada ya saa kadhaa matambara yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti wala cheche. Jumamosi ya tarehe 23 Februari 1991, matambara ya namna hiyo, yaliyoachwa na watu waliokuwa wakishughulikia mbao za ukutani, yalianzisha moto katika ghorofa ya 22 ya jengo la One Meridian Plaza mjini Philadelphia, Marekani, jengo lenye ghorofa 38. Moto uliwaka kwa zaidi ya saa 18, na wazima moto watatu walipoteza maisha. Walioyaacha matambara hayo walikuwa watu wa kazi, na bado ilitokea mwisho wa wiki, wakati mafundi wamekwisha kwenda zao. Tambara lenye mafuta ya kitani litandazwe nje, mojamoja, hadi likakamae, au litiwe ndani ya mkebe wa chuma uliojaa maji na kufunikwa. Mwenzetu alifanya hivyo. Viti vyake vipo, nyumba yake ipo. Sidai kwamba ingeungua. Nasema kwamba swali moja lililoulizwa kati ya habari za safari na habari za viti liliondoa hatari ambayo yeye mwenyewe hakujua kuwa amekwisha kuipanga.

Ukiitazama mifano hii miwili kwa makini, Mhariri, utaona kwamba hakuna hata mmoja ambao ungeibuka kama tungezungumza kazi peke yake au safari peke yake. Kufunga meza kwa skrubu ni kosa, lakini mtu aliyepo nyumbani huona uso wa meza ukianza kujikunja na huzilegeza skrubu mapema. Kutupa matambara kwenye ndoo ni kosa, lakini mtu aliyepo nyumbani hunusa harufu ya kuungua. Ni kuondoka kunakoligeuza kosa dogo kuwa msiba. Ndiyo maana sisi hatuulizi tu "unatengeneza nini," bali tunataka pia kujua siku ya kuondoka na siku ya kurudi, na hatuoni haya kuuliza.

Orodha ya mambo tuliyokwisha kuyanusuru kwa njia hiyo ni ndefu, nami sitaki kuuchosha ukurasa wako. Yupo aliyetaka kumwaga zege la sakafu ya banda lake Alhamisi na kusafiri Ijumaa. Tukamkumbusha kwamba zege halikauki likawa gumu, bali saruji hushikana na maji ndipo ikawa ngumu, kwa hiyo linahitaji kumwagiliwa au kufunikwa lisipoteze maji kwa siku 7 za mwanzo angalau, na kwamba nguvu yake hupimwa kwa kawaida baada ya siku 28. Akaahirisha kumwaga, si kusafiri. Yupo aliyebadilisha koki ya maji chini ya sinki jioni ya mwisho kabla ya safari, akaiona haivuji, akaridhika. Kiungo kipya kinaweza kushikilia kwa saa moja na kikaanza kudondosha siku ya tatu, kwa hiyo tulimsihi afunge maji kwenye koki kuu kabla ya kutoka. Yupo pia kijana wetu wa vyombo vya kielektroniki, ambaye sasa hawezi kuondoka bila kuchomoa chaja zote na kuziacha betri zake za lithiamu zikiwa na chaji ya karibu nusu, maana betri iliyojaa pomoni huchakaa upesi inapokaa muda mrefu bila kutumika.

Nirudi kwenye hoja ya muda, ambayo msomaji mwenzangu ameisisitiza sana. Anasema muda tunaoutumia kuzungumza ungetosha kumaliza kazi. Natamani ingekuwa hivyo. Tatizo la wengi wetu ni kwamba hatujui kazi itachukua muda gani, na hatujui kwa namna ya kudumu, hata kwa kazi tuliyoifanya mara nyingi. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilipa jambo hili jina: ni ile tabia ya binadamu kukadiria kazi yake kwa matumaini, akiwaza namna mambo yatakavyokwenda vizuri, huku akizisahau kazi zake zilizopita zilizochelewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao waliulizwa watamaliza kwa siku ngapi. Wastani wa makadirio yao ulikuwa karibu siku 34, nao wakamaliza kwa wastani wa zaidi ya siku 55. Lililonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba watu waliokadiria kazi ya mwingine, si yao, hawakuwa na matumaini hayo yaliyopitiliza. Hapo ndipo thamani ya mwenzako ilipo. Mimi nikisema droo tatu nitazimaliza kabla ya likizo, naziona droo zikiwa zimekamilika. Mwenzangu anayenisikiliza anakumbuka rafu niliyosema itachukua siku mbili na ikachukua mwezi. Akinitajia rafu ile, hanidhihaki. Ananipa kipimo ambacho mimi, kwa kuipenda kazi yangu, siwezi kujipa.

Bila shaka inategemea anavyonitajia. Yapo makundi ambamo mtu akisema hajamaliza huchekwa, na akieleza mpango wake hukatizwa kabla hajafika katikati na mtu anayejua zaidi. Makundi kama hayo hayadumu, na yakidumu, watu huacha kusema ukweli ndani yake. Wanaleta kilichokamilika peke yake, kimepakwa vanishi na kupigwa picha kwenye mwanga mzuri, na maswali yote yenye faida yanakuwa yamechelewa. Kwetu tumejifunza, tena polepole, kuuliza kwanza na kusahihisha baadaye. Mzee wetu hakuniambia kwamba nilikosea kuifunga meza. Aliniuliza kama niliiachia nafasi. Dada yule hakumwambia mwenzetu kwamba ataichoma nyumba. Alimuuliza matambara atayaweka wapi. Mtu akiulizwa huwa yeye mwenyewe wa kwanza kuliona kosa, na heshima yake inabaki mahali pake.

Kuna jambo jingine ambalo barua ya msomaji mwenzangu haikuligusa, nalo ni wale wasiosafiri. Katika mazungumzo ya likizo ni rahisi sana anayekwenda mbali kusikilizwa na anayebaki kupitwa. Sisi tunajitahidi isiwe hivyo, maana likizo ya kubaki nyumbani, mtu akiwa na siku kumi zisizokatizwa na kazi ya ajira, mara nyingi ndiyo inayozaa kitu. Mwenzetu mpenzi wa nyota alitusimulia habari ambayo tangu siku hiyo sijaisahau. Mwaka 1786 William Herschel, mwanamuziki aliyekuwa amegeuka mtazama nyota na ambaye miaka mitano kabla yake aliigundua sayari ya Uranus kwa darubini aliyojitengenezea, alisafiri kwenda Ujerumani. Dada yake Caroline alibaki Uingereza, akiwa na darubini ndogo aliyotengenezewa na kaka yake. Usiku wa tarehe 1 Agosti, kaka akiwa bado safarini, Caroline aligundua nyota yenye mkia, ya kwanza kati ya kadhaa alizokuja kuzigundua maishani mwake. Tangu tuisikie habari hiyo, swali la pili kati ya yale mawili tunaliuliza kwa namna mbili: anayesafiri huulizwa anarudi lini, na anayebaki huulizwa atazitumiaje siku zake, na wote wawili hupewa muda uleule wa kujibu.

Mwenzetu huyo huyo ana safari ambayo tayari tumeianza kuizungumza, ingawa wengine watashangaa kwamba tunaizungumza mapema hivi. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua kikamilifu, na karibu na Luxor nchini Misri giza litadumu kwa zaidi ya dakika 6, muda ambao ni mrefu sana kwa tukio la namna hiyo. Likizo nyingine unaweza kuisogeza wiki moja mbele rangi ikikawia kukauka. Hii haisogezwi hata kwa dakika moja. Kwa hiyo kioo cha darubini anachokisugua kwa mkono wake mwenyewe, kazi ya miezi mingi ya kusugua na kupima na kusugua tena, lazima kipangwe kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku hiyo. Tumeketi naye na kalenda. Mmoja wetu alimuuliza kama atakuwa na muda wa kuijaribu darubini hiyo nyumbani kabla ya kuifunga kwa safari, mwingine akamuuliza kama kichujio cha jua atakiweka mbele ya darubini, yaani mahali mwanga unapoingilia, na si nyuma karibu na jicho ambako joto lililokusanywa linaweza kukipasua kichujio na kuliumiza jicho papo hapo. Msomaji mwenzangu angepita wakati huo angesikia watu wakizungumza safari ya mbali. Tulikuwa tunalinda macho ya rafiki yetu.

Nakubali, na nasema hivi bila kujitetea, kwamba zipo Jumamosi ambazo hakuna kosa linalogunduliwa wala mpango unaorekebishwa. Mtu anaeleza bahari aliyoiona, mwingine anaeleza rangi aliyoichagulia mlango wake, tunacheka, tunaagana. Je, siku hizo zimepotea? Nchini Australia, tangu miaka ya 1990, zimeenea karakana za kijamii ziitwazo Men's Shed, ambamo wanaume, wengi wao wastaafu, hukutana kutengeneza vitu vya mbao na chuma, na sababu kubwa ya kuanzishwa kwake haikuwa uhaba wa viti bali upweke wa watu ambao ajira zao zilikuwa zimekwisha. Wanayo kauli mashuhuri kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso, huzungumza bega kwa bega. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na si kwa wanaume peke yao. Mtu ambaye hawezi kukueleza kwamba amefiwa au ameachishwa kazi atakueleza huku akisugua ubao kwa msasa, macho yakiwa kwenye ubao. Lakini hatakueleza siku ya kwanza. Atakueleza baada ya Jumamosi nyingi za kuzungumza rangi za milango.

Na kwa wale wanaopima mazungumzo kwa matokeo peke yake, niwakumbushe karakana nyingine. Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao thelathini waliopenda kuunda kompyuta nyumbani walikutana ndani ya gereji ya mmoja wao huko Menlo Park, California. Hawakuwa kampuni wala chuo. Walionyeshana walichonacho, wakaulizana wamefika wapi. Kijana Steve Wozniak alikuwepo, na mwenyewe ameeleza kwamba alichokisikia siku hiyo ndicho kilichomwanzisha kubuni kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I, ambayo michoro yake aliigawa bure kwa wenzake wa kundi hilo. Sitarajii gereji yetu izae kitu cha namna hiyo, na siyo sababu ya sisi kukutana. Ninaitaja kwa kuwa wale nao, kama kuna mtu aliyepita nje ya mlango jioni ile, walionekana watu wanaozungumza tu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwako, Mhariri. Kurasa zako za mwisho wa wiki huchapisha picha nzuri za nyumba zilizokwisha kukarabatiwa na safari zilizokwisha kufanywa, nami huzifurahia. Naomba utenge pembe ndogo, hata safu moja, ambamo wasomaji wataandika wanachokusudia kukifanya: kazi iliyo mezani, siku wanayoondoka, siku wanayorudi, na pale wanapokwama. Wasomaji wengine wajibu kwa maswali. Karibu na majira ya likizo safu hiyo ingeweza kumfikia mtu ambaye hana kundi, anayefanya kazi yake peke yake usiku baada ya ajira, na ambaye hakuna anayejua kwamba matambara yake yako kwenye ndoo.

La pili ni kwa msomaji mwenzangu. Barua yake ilionyesha kwamba naye anatengeneza kitu, maana alitaja kwa kupita tu kabati linalomshughulisha tangu mwanzo wa mwaka. Ningependa kujua limefikia wapi. Milango yake ni ya ubao mmoja mpana au imeundwa kwa fremu na paneli iliyoachwa huru ndani ya mfereji wake? Na likizo yake inaanza lini?

Mimi ninaondoka Alhamisi ijayo. Droo mbili zimekwisha gundishwa na zimetoka kwenye vibanio, ya tatu ipo vipande vipande juu ya meza, na kopo la mafuta ya kitani halijafunguliwa. Nilidhani nitamaliza vyote. Jumamosi hii nitawaeleza wenzangu hivyo hivyo ilivyo, na nadhani nimekwisha kulijua jibu la mzee wetu kuhusu droo ya tatu, kwa hiyo jana usiku nimevifunga vipande vyake pamoja kwa kamba, nikaandika vipimo kwenye karatasi, nikaibandika juu yake.

Wako katika ujenzi wa jamii,
Msomaji na fundi wa mwisho wa wiki